Mtoto Hana Nanga

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Wanaonijua watasema hayo ni majivuno yangu ya kawaida, na waseme. Nimekaa Lusahunga, pale njia panda, zaidi ya miaka ishirini, na njia panda humletea mtu kila kitu mpaka mlangoni. Nimemwona dereva amekufa ameshika usukani, injini inanguruma, utingo amelala nyuma yake hana habari. Nimeona lori la sukari limelala ubavu na wazee wa kanisa, watu na heshima zao, wanajaza ndoo huku majeruhi anaomba maji. Nimeona watu wanapita na magodoro kichwani kuelekea Burundi, na baada ya muda nikawaona wanarudi na magodoro yaleyale. Niliishia darasa la tano kule kwetu Kanazi, wilaya ya Ngara, na mpaka leo nikiandika L na R zinanipiga chenga. Lakini nilianza na trei moja ya mayai ya kuchemsha, nikiwarushia madereva dirishani, na sasa nina nyumba ya kulala wageni, duka la vipuri na Fuso mbili. Sikurithi hata kijiko. Mtu kama huyo umshangaze na nini?

Nilishangazwa na panya, na panya mwenyewe wala sikumwona.

Mke wangu alinizalia wasichana watatu, akanyamaza miaka mingi, halafu akaleta mvulana. Nilichinja mbuzi wawili. Kila dereva aliyesimama Lusahunga siku ile alikula bure, awe anakwenda Kigali au Bujumbura. Nilisimama juu ya kreti la soda nikasema mbele za watu kwamba sasa amepatikana wa kuyashika haya yote niliyoyajenga. Kumbe mwenyewe hakuwa na nguvu ya kushika hata kidole.

Vidole vyake vilikuwa vifupi, kucha zimechomoza kidogo kama punje za ulezi. Shingo ilikataa kukaza. Watoto waliozaliwa pamoja naye wakaanza kukaa, wakatambaa, wakala udongo. Wa kwangu ukimkalisha anamwagika kama uji. Kisha likaja degedege. Macho yanapanda juu, mkono wa kushoto unaanza kupiga, mwili wote unafuata, povu, na mwisho midomo inageuka rangi ya zambarau. Hospitali ya Biharamulo walitupa dawa za kifafa. Zikamtuliza kidogo, kisha zikachoka.

Huku kwetu kifafa kina sheria zake. Mwenye kifafa akianguka usimguse, na akijamba ukiwa karibu, ugonjwa umeshakuingia. Watu hufundishwa hivyo na mama zao kabla hawajafundishwa kusali, ndiyo maana siku ya ubatizo wa mwanangu yalitokea yaliyotokea. Mama wa ubatizo nilimchagua mwenyewe, kwa sababu mumewe ana magari na huchukua matairi kwangu. Maji yalipomgusa mtoto kichwani, mkono wa kushoto ukaanza. Yule mama akamweka chini, juu ya saruji, taratibu kabisa kama mtu anayetua tenga la nyanya, akarudi nyuma ameziba pua na khanga. Benchi la mbele likahamia nyuma. Mke wangu akaenda akapiga magoti, akamgeuza mtoto ubavu, akamfuta povu kwa kile kitambaa cheupe cha ubatizo. Mimi nilibaki nimesimama na suti yangu mpya, nikiwatazama waliokimbia mmoja mmoja, kwa sababu nilitaka nimkumbuke kila ambaye asije akanikopa tena. Nimewakumbuka wote.

Mzigo wenye kasoro hurudishwa dukani. Hiyo ndiyo sheria yangu ya vipuri, na niliitumia kwa wakwe. Nilimpigia simu kaka wa mke wangu, shemeji yangu wa Kanazi, mtu tuliyesoma naye. Yeye alimaliza darasa la saba na kila tukikutana hakosi kulitaja hilo darasa la saba lake, kama vile maharage anayolima yanajua kusoma. Nilimpigia nikiwa dukani, simu nimeifungulia sauti, wateja wanasikia. Nikamwambia mzigo wenye kasoro hurudishwa dukani, mlinipa ng'ombe mgonjwa mkanificha. Kwenye ukoo wangu hakuna mtu anayetoa povu, si baba, si babu, si shangazi. Nikamwambia arudishe ng'ombe wawili kati ya niliotoa mahari, wengine namsamehe kwa sababu ya wasichana. Upande wa pili nikasikia kimya cha mtu ambaye naye amefungulia sauti na naye ana watu. Siku iliyofuata nilimpandisha mke wangu na mtoto kwenye Fuso iliyokuwa inakwenda Ngara kuchukua maharage.

Na huko kwao asidhani mtu kwamba walipokelewa kwa vigelegele. Kaka yake, mtoto wa mama yake mmoja, aliwalaza kwenye jiko la zamani pamoja na mbuzi, ili watoto wake yeye wasiambukizwe. Chakula mke wangu alikuwa anawekewa kizingitini. Baada ya majuma kadhaa Fuso ileile ikawarudisha Lusahunga, juu ya magunia. Alishuka, akampangusa mtoto vumbi, akaingia ndani, akaanza kuosha sufuria nilizochafua.

Habari ya Mwanza ilianzia kwa dereva mmoja, ambaye dada yake ni muuguzi katika hospitali kubwa huko. Kulikuwa na daktari wa watoto, mwanamke bado kijana, anayeshirikiana na watu wa ng'ambo wanaotafuta magonjwa yasiyo na jina. Tulikwenda. Alitutoa damu sote watatu, ya mtoto, ya mama na yangu, akaipeleka huko inakopelekwa. Tukangoja mpaka nikasahau kwamba tunangoja. Siku simu ilipolia, sauti ikasema, baba, njoni wote wawili, majibu yamekuja.

Ndani ya chumba chake nilimwambia, "Dokta, sema tu. Mimi hakuna cha kunishangaza."

Akachora duara kwenye karatasi. Akasema mwili umejengwa kwa seli, na kila seli ina ngozi yake nyembamba. Mimi selo ninayoijua ni ya polisi, lakini nikamwacha aendelee. Juu ya ngozi hiyo, akasema, kuna wafanyakazi wadogo wadogo, walinzi na wapokea mizigo, na ili wasipeperuke kila mmoja amefungwa kwa nanga. Seli yenyewe ndiyo inayoziunda hizo nanga, kipande kwa kipande, kama karakana. Kwa mtoto wetu fundi mmoja wa karakana hiyo hafanyi kazi yake sawasawa. Kwa hiyo nanga ni chache, na wafanyakazi wanadondoka na kuelea ovyo kwenye damu.

"Kwa ufupi," akasema, "mtoto wenu hana nanga za kutosha. Vitu havina pa kushika."

Nikamwona mke wangu ameinua uso.

Dokta akaendelea. Maelekezo ya yule fundi yameandikwa kwenye jeni, na jeni hiyo wataalamu wameisoma zaidi kwa panya kuliko kwa watu, maana watu wenye shida hiyo ni wachache mno. Waliiondoa kabisa kwa panya, na vitoto vya panya havikuzaliwa, vilifia tumboni.

"Kwa hiyo mwanangu ana jeni ya panya," nikasema.

"Hapana, baba. Panya anayo yake, wewe unayo yako, nami ninayo. Zinafanana sana. Ila ya mtoto ina kosa la herufi moja."

"Kama kuandika kura badala ya kula?"

Alinitazama kama mtu aliyeokota hela. "Hivyo hasa," akasema.

Hapo nilijiona nimesoma. Raha yenyewe haikudumu. Akasema kila mtu hupewa nakala mbili za maelekezo hayo, moja ya baba na moja ya mama. Ukipata moja mbovu, ile nzuri inakubeba, unaishi mpaka unazeeka hujui lolote. Mtoto wetu alikuwa amepata mbovu mbili.

"Moja kutoka kwa mama," akasema, "na moja kutoka kwako. Nusu kwa nusu."

Nikamwambia ukoo wetu hauna kitu hicho. Akasema mnacho, kimelala tu. Nikamwambia apime tena, nitalipia. Akasema kupima tena hakutabadilisha. Mke wangu hakunigeukia. Alikuwa anatazama lile duara kwenye karatasi, kana kwamba amemwona mtu anayemfahamu ndani yake.

Dawa ya kumponya hakuna, akasema dokta. Lakini mmoja wa wale wafanyakazi wanaodondoka ndiye kazi yake kuiandaa vitamini fulani ili iweze kuingia kwenye ubongo, na ubongo ukiikosa unatikisika. Tumpe vitamini hiyo kwa wingi, pamoja na dawa zake za kifafa. Si kila mtoto inamsaidia, ila wapo iliowasaidia sana. Akaandika. Nikaenda dirisha la dawa nimeshika bunda, na yule dada wa dawa akaniambia elfu mbili na mia tano. Nikamwambia arudie. Mimi nimevuka wilaya ngapi hizo, mtu mwenye Fuso mbili, nipewe dawa ya bei ya sahani ya wali? Gari langu linakunywa zaidi ya hapo kabla halijawaka. Niliona nimedharauliwa. Lakini nilinunua.

Nyumbani nikaingia kwenye mambo yangu. Ikapita wiki, degedege liko palepale. Nikauliza kuhusu vidonge. Mke wangu akasema vipo. Nikauliza anampa? Akasema hampi.

Sasa hapa inabidi nieleze. Kwa Kiswahili cha vitabuni nanga ni chuma kinachozuia meli. Nilikiona zamani kwenye kivuko, enzi tulipokuwa tunavuka ziwa kwa foleni. Lakini sisi Wahangaza, kwa lugha ya nyumbani, nanga ni kitu kingine. Ni ubao mpana uliochimbwa kama hori dogo, uliotandazwa nyuzi, na mpigaji huulalisha mapajani akaupapasa huku anauimbia kwa kunong'ona. Marehemu baba mkwe alikuwa mpigaji wa nanga. Watu walikuwa wanatoka milima mingine kuja kumsikiliza, na ilibidi wanyamaze kabisa, maana hiyo si ngoma ya makelele. Mke wangu amelelewa chini ya mnong'ono huo. Na pale Mwanza, dokta aliposema mtoto hana nanga, yeye alisikia *nta nanga*, kama tunavyosema kwetu, akajua inazungumziwa ipi.

"Baba alisema nanga yake itakwenda kwa mjukuu wa kiume wa kwanza kwa binti yake," akaniambia. "Ndiye huyu. Kaka ameikalia. Na dokta kasema kwa mdomo wake, vitu havishiki kwa sababu mtoto hana nanga. Sasa vidonge navyo nimpe vikashike wapi?"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nikamuuliza kama anadhani watu wa ng'ambo walipima damu wakaona ndani yake ubao wa baba yake. Nikamwambia hata panya angelielewa vizuri zaidi yake.

"Ya panya uliiamini," akasema. "Panya ndiye unayemjua?"

Nikaenda dukani nikawasimulia madereva yote, ya panya na ya ubao, wacheke na wao. Walicheka vizuri sana. Ila dereva ni mtu wa kuchukua mzigo usiomtuma. Asubuhi yake lori moja likapunguza mwendo mbele ya duka, kichwa kikatoka dirishani, "Baba Panya, oili ipo?" Jina likapanda malori, likafika Rusumo mpakani kabla yangu. Kufikia mwisho wa wiki wageni wa nyumba yangu ya kulala walikuwa wanaulizia chumba kwa Baba Panya, na mmoja akataka kujua kama kuna mtego chini ya kitanda.

Halafu ikaja mchana mmoja degedege likakataa kuacha. Lilianza mke wangu akiwa anaanua nguo, akamlaza ubavu miguuni pake kama kawaida, akaanua zote, akazikunja, bado mtoto anapiga. Midomo ikawa myeusi. Lilipoacha alibaki kama nguo iliyokamuliwa. Nikasema upuuzi umekwisha. Nikachukua kile kipakiti, nikavunja kidonge, nikamfungua mtoto mdomo nikamtia na kijiko cha maji. Mimi naweza kufungua giaboksi gizani nikairudisha nisibakize nati. Lakini maji yalikwenda kusikokwenda maji. Mtoto akakodoa macho, hakuna pumzi inayoingia wala kutoka. Mke wangu akamnyakua, akamlaza kifudifudi kwenye mkono, akampiga mgongo, akachokoa kidonge kwa kidole cha mwisho. Kumbe mtoto yule humlishi kwa kijiko. Unamwinamisha upande, unachovya kidole, unangoja koo lishuke, unachovya tena. Mlo mmoja unakula asubuhi nzima. Yeye ndiye aliyekuwa anajua. Watu wote wa Lusahunga, na mimi mmojawao, hatukuwa tunajua.

Akakaa chini na mtoto mapajani. Hakulia.

"Lete nanga, nami nitampa," akasema. "Huleti, mpe mwenyewe kama ulivyompa sasa hivi. Halafu uchinje mbuzi wengine."

Nilishawahi kutishwa na askari, na majambazi wa msituni, na watu wa kodi. Hakuna aliyenitisha hivyo.

Nikaenda Kanazi. Nilimkuta shemeji uani kwake anapura maharage pamoja na majirani waliokuja kumsaidia, wanaume kwa wanawake, wengine nimekua nao. Nilikuwa nimewaza njia nzima namna ya kuingia. Sikupewa nafasi ya kuingia.

"Baba Panya huyo," akasema shemeji bila kuacha kupura. "Fungeni ghala."

Wakacheka wote. Nikangoja wamalize. Nikamwambia, shemeji, nimefuata nanga.

"Ipi, ya meli?"

Wakacheka tena. Nikajua mke wangu ameshampigia, ameshasema yote.

"Ya mzee," nikasema. "Taja bei."

Hapo akaweka fimbo chini. Akajifuta uso, akaja mpaka karibu, mtu mfupi, shati limeraruka bega.

"Wewe ulisema mzigo wenye kasoro hurudishwa dukani," akasema. "Haya, leo umekuja dukani. Hapa duka letu linaanza na maswali. Hawa unaowaona walikuwepo siku ile ulipopiga simu. Walisikia tulikuuzia ng'ombe mgonjwa. Sasa waambie. Yule panya ni wa nani?"

"Dokta wa Mwanza alisema kwamba..."

"Dokta sikumuuliza."

Nilitazama gari langu. Lilikuwa limeoshwa asubuhi, linang'aa, na kuku walikuwa wamesimama kivulini mwake. Nikafikiria kuondoka. Kisha nikafikiria kile kidole cha mwisho kikichokoa kidonge.

"Nusu ni yangu," nikasema.

"Sauti, bosi. Kwenye simu ulikuwa na sauti."

"Nusu ya panya ni yangu. Nusu yenu."

"Yetu tulishaijua, ulitutangazia," akasema. Akawageukia wenzake. "Mmesikia? Tajiri kaja kuchukua nusu yake." Mwanamke mmoja mzee akapiga kofi mapajani kwa kicheko, na huyo mwanamke nikiwa mtoto alikuwa ananipa viazi.

Bei ikawa laki nane. Nikauliza kwa nini laki nane kwa ubao ambao sokoni hauwezi kufika elfu ishirini. Akasema ni ng'ombe wawili, laki nne laki nne, walewale niliowadai. Kama ng'ombe walikuwa na thamani hiyo siku ile, hawajakonda. Mimi nimezaliwa napatana bei. Nimemshusha Mrundi bei, nimemshusha Mhindi, nimewahi kumshusha mchimba kaburi. Siku ile sikupunguza hata mia. Nikamtumia kwa simu, yake ikalia, akaisoma kwa sauti herufi kwa herufi ili kila mtu ajue amemaliza darasa la saba.

"Kailete," akamwambia mkewe.

Mkewe hakuelekea ndani. Alizunguka nyuma ya nyumba, kwenye banda. Nikasikia nguruwe anagomba. Akarudi ameikumbatia, pumba na maji ya vyombo vinamchuruzika kwenye gauni. Baba mkwe alipokufa, shemeji alikuwa amekata nyuzi zote akaifanya hori. Upande mmoja ilikuwa imetafunwa. Ndani ilikuwa bado na makombo, na hakuna aliyeyamwaga.

"Chukua," akasema shemeji. "Ina joto bado. Na msalimie dada."

Hakuna aliyenisaidia kuibeba. Niliiweka kwenye kiti cha mbele, kwa sababu nyuma ingegongwa. Nikaendesha na ile harufu mpaka nje ya Ngara.

Sikupitia nyumbani. Nyamahanga kuna mzee mmoja, asili yake Burundi, familia yake ilikuja zamani na sasa wana mihogo na mahindi yao huko, na niliwahi kusikia kwamba anajua kuifunga nanga nyuzi. Nilimwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba huku macho yako kwenye ule ubao.

"Imeliwa na nguruwe?" akauliza.

"Imeliwa na shemeji."

Hakucheka. Akaisugua kwa majivu na maji ya moto, akaianika, akaigeuza kila upande kama anayemkagua ndama. Zamani nyuzi zilikuwa mishipa ya ng'ombe. Siku hizi anachambua waya wa breki ya pikipiki. Aliupitisha waya huo mmoja kwenda na kurudi, pengo hadi pengo, akivuta kwa meno yaliyobaki. Alipomaliza akaipapasa, akaweka sikio. Akaniambia kuna ufa, haitaimba kama zamani, itakoroma. Nikamwambia hata mtoto anakoroma. Akataka elfu thelathini, nikampa.

Mke wangu aliipokea mlangoni. Aliinusa. Mtoto wa mkulima akinusa hori anajua ni hori, huwezi kumdanganya kwa majivu. Aliibeba mpaka kitandani, akailaza kando ya mtoto upande wa ukuta, akagusa waya mmoja kwa kidole. Ikatoa mlio wa chini, mkavu, kama mtu anayesafisha koo. Kisha akatoa kidonge, akakisaga katikati ya vijiko viwili, akakikoroga na maziwa, akamwinamisha mtoto upande, akachovya kidole. Akangoja koo. Akachovya tena. Nami nilisimama pale mpaka kikombe kikaisha, kwa sababu nilikuwa nimekilipia na nilitaka kuona kinakwenda wapi.

Degedege likaanza kupungua. Halijaisha. Kwanza likawa halimrushi tena, kisha likawa linapita kama kivuli usoni, kisha zikapatikana siku nzima ambazo halikuja. Shingo bado ni ileile. Kukaa bado anamwagika. Spana hatashika, duka hatasimamia, na mimi nimeacha kusimama juu ya makreti. Dokta nilipompigia alisema vizuri sana, ni vidonge, msiruke hata siku moja. Mke wangu anasema ni nanga, na kila kabla ya kidonge anaugusa ule waya, asipougusa hampi. Mimi sijamweleza dokta habari ya nanga wala sijabishana na mke wangu tena. Vidonge nanunua, na waya ukikatika nina nyaya za breki za pikipiki dukani stoo nzima.

Kuna siku yule mama wa ubatizo alikuja dukani. Mumewe alitaka matairi manne kwa mkopo. Nikamkaribisha kiti, nikamchukua mtoto kwa mama yake nikamlaza mapajani mwa mgeni, nikamwambia mshikilie kidogo, mwanao huyu, naenda kutafuta ufunguo wa stoo. Ufunguo ulikuwa mfukoni. Nilikaa stoo muda mrefu, nikipanga boliti ambazo zilishapangwa. Nilipotoka alikuwa ameloa jasho mpaka kwenye khanga, ameinua mikono hewani asimguse, na mtoto amelala zake usingizi mzuri tu. Matairi sikumpa.

Jina la Baba Panya limeganda. Nikimsikia dereva analiita nami naitika, biashara ni biashara. Kuna watu wanapenda kuniuliza yule mtoto na panya wake wameshanila kiasi gani, wanadhani nitataja mamilioni wapate cha kusimulia Rusumo. Mafuta ya kwenda Mwanza na Kanazi siyahesabu, gari lingetembea tu. Nilichosema pale uani hakina bei, sijawahi kukiuza kabla wala sitakiuza tena. Ubao laki nane, nyuzi elfu thelathini, kipakiti cha kwanza cha vidonge elfu mbili na mia tano. Ili kidonge kimoja kiingie kwenye koo la mwanangu, nimelipa shilingi laki nane, thelathini na mbili elfu na mia tano.